Prezida wa Munkoyo na Vidonge Vitamu

Miaka ile Katanga ilipojitenga, tulikuwa na maprezida wawili. Wa kwanza alikaa Elisabethville, picha yake ilitundikwa maofisini na redio ilimtaja asubuhi na jioni. Wa pili alikaa juu ya kigoda mbele ya geti la kiwanda cha shaba pale Shituru, mtungi katikati ya magoti, upawa mkononi, na wala hakuhitaji redio. Akipaza sauti getini, watu wa ng'ambo ya reli wanageuka. Huyo wa pili ndiye ninayetaka kumwelezea, na niwaonye mapema: nikianza habari zake siwezi kutulia kitini!

Jina lake la ubatizo nalijua, lakini sikuwahi kumsikia mtu akilitumia. Sisi wauza munkoyo wa getini tulimwita Mama Prezida, na wafanyakazi wakatuiga. Hakuna aliyempigia kura. Mtu akigombania mahali pa kukaa, yeye ndiye aliyeamua. Mtu akifiwa, yeye ndiye aliyepita na kikapu cha mchango, na ole wako ujifanye umelala.

Jina hilo lilitutia matatani mara moja. Askari jandarme mmoja kijana, mgeni mjini, alimsikia mwenzetu akisema, "Leo Prezida amekasirika, amenitupia upawa." Masikini, akasimama wima, mkono kwenye bunduki, akauliza Prezida yuko wapi na nani amemkasirisha. Mama Prezida akainuka, mfupi, mpana, kitambaa cha kichwa kimekaa upande kama kawaida yake, akajigonga kifua, akamwambia, "Prezida njo minye. Weye mutoto, umekula?" Kijana yule hakuwa amekula. Alipewa kopo la munkoyo na kipande cha muhogo wa kuchoma, na tangu siku hiyo kila alipopita alimpigia saluti ya kweli kweli, mguu chini pwaa, na sisi tunakufa kwa kicheko.

Kwa asiyekijua kinywaji chetu, niseme kidogo. Unapika uji mwepesi wa mahindi, unauacha upoe mpaka kidole kivumilie, halafu unatia mizizi ya munkoyo iliyopondwa. Mizizi hiyo inafanya kazi yake usiku kucha. Asubuhi uji umekuwa maji, na maji yamekuwa matamu, bila mtu kutia kitu. Ndiyo munkoyo wa siku ya kwanza, ambao hata mama mwenye mtoto mchanga anakunywa bila wasiwasi. Siku ya pili unaanza uchachu. Siku ya tatu unauma ulimi, na ukinywa makopo kadhaa utaanza kuwasalimia watu usiowajua. Kwa hiyo kwetu utamu haukuwa utamu tu. Ulikuwa habari. Ulimi ulipokutana na utamu, ulijua: hiki ni cha leo.

Na ulimi wa Mama Prezida! Kila asubuhi, kabla sirena ya kiwanda haijalia, alipita mtungi kwa mtungi akionja. Hiyo ilikuwa desturi yetu aliyoilinda kuliko zote: hakuna mtungi unaofunguliwa bila jirani kuonja kwanza. Aliuzungusha munkoyo mdomoni, akafumba jicho moja, akatoa hukumu.

"Hii iko ya leo. Hii iko ya jana, lakini iko muzuri, uza polepole. Hii… weye, mama, hii njo nini? Bubeshi! Unadanganya bantu!"

Yule wa "bubeshi" aliubeba mtungi wake nyumbani. Wengine walinuna, lakini chema chajiuza, na wafanyakazi waliokuwa wakipita geti jingine walizunguka ili waje kwetu.

Msidhani alikuwa malaika. Alihubiri usafi mpaka masikio yakauma, kisha akajifuta mikono kwa kikwembe, kitenge kile kile alichojifunga na kukikalia tangu alfajiri. Kanisani alikaa mbele na kuimba akiwatangulia watu wote kwa mstari mzima, akifika mwisho anawasubiri akiwa amekunja uso. Aliweza kumfukuza mlevi wa urefu wa nguzo ya umeme, lakini chura mdogo akiruka karibu na mtungi alipanda juu ya kigoda. Mume wake alifanya kazi kwenye bwawa la umeme la Mwadingusha na kurudi mara chache, na yeye alijivunia kazi hiyo kana kwamba ni yeye anayesukuma maji. "Umeme hauonekani," alipenda kusema, "lakini gusa waya utaona kama haupo." Msemo huo aliutumia kwa kila kitu: kwa Mungu, kwa wivu, kwa mimba ya mtoto wa jirani.

Na alipenda vitamu. Loo! Chai yake ilikuwa nzito kwa sukari hata kijiko kilichoka kukoroga. Alitafuna muwa akitembea, akiongea na akigombana. Siku moja nilimuuliza kwa utani kama atakubali kwenda mbinguni akiambiwa huko chai haina sukari. Aliwaza kweli kweli, mwanamke yule, halafu akasema ataomba kwanza kuongea na mkubwa wa huko.

Sasa sukari ikaanza kupotea. Barabara zilikuwa na vita, magari ya mizigo hayakuwa na uhakika wa kufika, na madukani wakawa wanakuuzia sukari kwa kikombe kidogo na kwa uso mkubwa. Hapo ndipo vidonge vilipoingia.

Vilikuwa vidogo sana, vyeupe, katika kichupa. Watu waliviita sakarini. Zamani vilikaa farmasi tu, kwa wagonjwa wenye karatasi ya daktari, lakini mambo yalipolegea vikaanza kupita sokoni mkono kwa mkono, vingine vikitoka upande wa Rhodesia. Kidonge kimoja katika kikombe cha chai, na chai inakuwa tamu! Nilipoonja mara ya kwanza niliruka. Nikamwita mume wangu aonje. Nikamwita jirani. Ilikuwa kama uchawi mzuri, na hakuna aliyeuliza kimetengenezwa kwa nini.

Kosa tulilofanya lilikuwa la watu waliozoea sukari. Sisi sukari tunaipima kwa mkono. Pipa la harusi linachukua mikono kadhaa, kila mpishi anajua. Basi kukawa na harusi mtaa wa Kikula, na mama aliyepewa kazi ya kinywaji akaingiza mkono kwenye vidonge, akajaza ngumi, akamwaga, akarudia! Wageni walipokunywa, nyuso zilijikunja zote kwa pamoja. Maana vidonge vile vikizidi haviwi vitamu zaidi, vinageuka uchungu, uchungu wa chuma unaong'ang'ania kooni. Padri alikohoa mpaka wakampiga mgongoni. Bibi harusi alilia akidhani amerogwa. Na Mama Prezida, aliyekuwa mezani pa wazee, akasimama na kutangaza mbele ya watu wote kwamba vidonge ni sumu, vinaozesha tumbo la uzazi, na yeyote atakayevileta getini atakula upawa.

Nani alimwambia habari ya tumbo la uzazi? Hakuna. Aliitunga pale pale, na kwa kuwa ilitoka kinywani mwake, kufikia Jumapili Shituru yote iliijua.

Lakini marufuku bila maelezo ni kama wavu wenye tundu. Vidonge viliingia getini kimya kimya. Mwenzetu mmoja, mama kijana aliyekaa mwisho karibu na reli, aligundua jambo ambalo lingetumaliza sote: munkoyo wa siku ya tatu, ukitiwa vidonge kwa kipimo kizuri, unaonja kama wa siku ya kwanza. Utamu unafunika uchachu. Asubuhi alimwonjesha Mama Prezida mtungi mmoja safi, na mchana akafungua mwingine aliouficha chini ya gunia.

Mchana huo mume wangu alikuwa anaingia kazini. Kazi yake ilikuwa kwenye mabeseni makubwa ya asidi ambamo shaba inasafishwa, unapita juu ya mbao nyembamba na chini yako kuna maji yanayokula ngozi. Jua lilikuwa kali. Akanywa kwa yule mama wa relini, ulimi ukamwambia hiki ni cha leo, akaongeza, akaongeza tena. Wenzake pia. Hawakujua kwamba walikuwa wanakunywa pombe.

Alipokuwa juu ya mbao kichwa kikazunguka. Mkubwa wa zamu alimdaka kwa mkanda wa suruali. Kwa mkanda, jamani! Ningekuwa mjane kwa ajili ya kopo la munkoyo! Walimtoa nje, wakamnusa, wakamrudisha nyumbani pamoja na wenzake, na alipofika mlangoni sikujua nimkumbatie au nimpige. Nilifanya vyote viwili.

Kesho yake mkubwa wa zamu alikuja getini akiwa na ajenti wa hygiène, mkaguzi wa usafi na afya wa mji, mtu mpole mwenye kofia nyeupe ambaye tulimfahamu kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mnywaji wetu. Siku hiyo hakunywa.

"Bamama," alisema, "minye sikatale munkoyo. Minye mwenyewe nakunywaka, munajua. Lakini bantu bakunywa kintu habakijue, na kule ndani kuko asidi. Muko na paka hii juma moja tu. Kama hamuwezi kumwambia muntu anakunywa nini, mutatoka hapa bote. Bote, hakuna mutu atabakia."

Bote! Wajane waliosomesha watoto kwa mtungi ule. Mimi, ambaye mume wangu alikuwa amesimamishwa kazi akisubiri kuhukumiwa, na nyumba tuliyolala ilikuwa ya kampuni. Geti ndilo lililotulisha.

Tulimtazama Mama Prezida. Akasema neno moja tu: atawasaka wenye vidonge. Na kweli aliwasaka. Alipekua vikapu, alipekua vikwembe, alimpekua mpaka mama mzazi wa katekista. Vichupa alivyokamata alivimwaga kwenye mtaro wa reli huku akipiga kelele, "Sumu! Sumu ya kuua bana!" Tulimshangilia. Tulikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu hupenda kumwona adui akimwagwa.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwa sababu kuna jambo lilikuwa linaendelea mwilini mwake. Alikuwa anakonda. Alikunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi na bado alisema koo limekauka. Kisha sisimizi. Nyuma ya nyumba yake, mahali alipokuwa akienda haja ndogo, sisimizi walijaa kila asubuhi, na yeye akaamini wauza munkoyo wa geti jingine wamemtupia kitu. Alitafuta mtu wa kumwagulia. Binti yake, aliyekuwa amesoma kwa masista, ndiye aliyembeba kwa nguvu hadi hospitali, mwanzoni mwa juma lile lile.

Huko akaambiwa ana ugonjwa wa sukari. Sukari basi, tangu siku hiyo! Yeye! Muuguzi akampa maelekezo ya chakula, na kwa kuwa alilia kama mtoto kuhusu chai, akampa kichupa kidogo. Ndani kulikuwa na vidonge vyeupe.

Hayo sikuyajua bado. Niliyajua kwa kuyaona. Katikati ya juma lile la hukumu nilikwenda kwake bila kubisha hodi ya kutosha, kama tulivyozoea, nikamkuta ameinamia kikombe, anatia kidonge. Prezida! Mkono ule ule uliokuwa unamwaga vichupa mtaroni! Alinitazama, nikamtazama, na sitadanganya, nilicheka mpaka nikashikilia mlango.

"Ucheke," alisema. "Ucheke muzuri."

"Mama, hii si ile sumu?"

"Njo ile."

"Na tumbo la uzazi?"

"Ya kwangu ilishachoka kuzaa."

Kisha akaacha mzaha, akakasirika, na kwa yeye hasira ilikuwa mlango wa kuingilia kwenye ukweli. Akanieleza aliyoambiwa na muuguzi. Kwamba vidonge vile kwa mgonjwa kama yeye ni msaada, kwa kipimo, kimoja kwenye kikombe. Kwamba hata chumvi ina kipimo chake. Kwamba watoto wadogo hawavihitaji, waachiwe utamu wa kawaida. Yeye alibishana naye nusu saa nzima. Akamuuliza: kama si sumu, kwa nini mume wa mwenzangu nusura afe? Muuguzi akamjibu kwa swali: huyo mwanamume aliangushwa na kidonge, au na pombe ambayo hakuambiwa?

"Nikakosa jibu," alisema Mama Prezida. Alikoroga chai yake iliyokuwa imekorogeka tayari. "Minye! Nikakosa jibu mbele ya mutoto wa juzi."

Nilimuuliza atafanya nini. Geti zima lilikuwa limeamini neno lake. Akirudi na neno jingine wangesema amenunuliwa, au ametetea ugonjwa wake. Wenye hasira ya vichupa vyao wangemrarua. Na akinyamaza, angekunywa chai yake nyumbani raha mustarehe, na sisi tungemwahidi ajenti kwamba hakuna kidonge getini, ahadi ambayo kila mmoja wetu alijua haitamaliza mwezi. Halafu akanifukuza, akisema chai yake inapoa.

Siku ya hukumu ikafika. Ajenti alikuja, mkubwa wa zamu alikuja, na wafanyakazi waliotoka zamu walisimama kutazama maana burudani ya bure haikataliwi. Mume wangu alikuwa kati yao, kofia mkononi. Moyo wangu ulikuwa unapiga mpaka kwenye meno!

Mama Prezida alisimama juu ya kigoda chake, jambo ambalo hapo awali alilifanya kwa ajili ya vyura tu. Akatoa kichupa kwenye kifua chake, akakiinua.

"Banamuke benzangu. Hii munaijua?"

Kelele zikalipuka. Mmoja akasema, "Ile ulinimwagia!" Mwingine akamwita mwizi.

"Minye nilisema bubeshi," alisema, na kelele zikakatika ghafla, kwa maana hatukuwahi kusikia maneno hayo kutoka kwake. "Nilisema iko sumu. Hakuna mutu aliniambia vile, ni kinywa yangu ilitunga. Minye niko mugonjwa wa sukari. Munganga alinipa hii, nakunywa nayo chai yangu, kimoja kwa kikombe. Haiko sumu. Lakini sikia! Ule mama wa reli alifanya mubaya, na minye nilifanya mubaya kama yeye. Yeye alificha pombe chini ya utamu. Minye nilificha chai yangu nyuma ya mulango. Muntu anakunywa, umwambie anakunywa nini. Njo hii tu. Akitaka, anywe. Akikatala, akatale."

Mkubwa wa zamu akamuuliza ajenti kwa Kifaransa anasema nini. Ajenti akatafsiri, na nilimwona akitafsiri huku anatabasamu.

Kisha Mama Prezida akatoa sheria, na alikuwa ameifikiria vizuri. Munkoyo wa siku ya kwanza usio na kitu utauzwa mtungi wazi. Ukitiwa kidonge, shingo ya mtungi itafungwa kitambaa chekundu, na muuzaji atamwambia mnywaji kwa mdomo kabla hajapokea pesa. Wa siku ya tatu hautatiwa kidonge kamwe, na hautauzwa kwa anayeingia kazini, ila kwa anayetoka. Na vidonge vitapimwa kwa kuhesabu, siyo kwa ngumi.

"Na nani atabachunga?" ajenti aliuliza.

"Shiye benyewe. Kila mutu ataonja ya mwenzake, asubuhi na mchana. Mchana pia, sababu bwizi buliingia mchana."

Ajenti alivua kofia yake, akajipepea. Kisha akaomba kopo. Hakuuliza ni lipi, akanyoosha tu mkono kwenye mtungi wa karibu, na mimi niliyekuwa mwenye mtungi nikasikia sauti yangu ikisema kwa nguvu, karibu ya kupiga kelele, "Ya leo, Monsieur, haiko na kintu!"

Akanywa lote. Wafanyakazi wakapiga makofi, mwingine akapiga mluzi, na wanawake tukaanza kuimba pale pale barabarani, tukimzunguka yule mwanamke mfupi aliyekuwa bado juu ya kigoda akitukaripia tusimwangushe. Geti lilibaki letu. Mume wangu alirudishwa kwenye mabeseni baada ya ajenti kumweleza mkubwa wake kwamba mtu hawezi kuhukumiwa kwa pombe ambayo hakujua anainywa.

Sheria ile ilidumu, lakini msifikiri ilidumu yenyewe. Ilidumu kwa sababu yake. Siku moja aliuonja mtungi wa rafiki yake mkubwa, mama waliyebatizwa naye siku moja, akakuta kidonge bila kitambaa. Rafiki akasema amesahau. Labda alisahau kweli. Mama Prezida alishika mtungi ule kwa mikono miwili na kuupindua chini mbele ya foleni ya wanaume wenye kiu, wakaguna kama wamepigwa ngumi. Kisha alikwenda nyumbani, akachukua mtungi wake mwenyewe, akampa rafiki yake auuze mchana kutwa. Hawakusemezana juma zima, na Jumapili walikaa benchi moja wakishindana kuimba.

Jambo la ajabu ni kwamba vitambaa vyekundu havikutuharibia biashara. Tulidhani watu watavikimbia. Wengine walivikimbia, ndiyo, hasa wenye watoto. Lakini wako waliokuja wakiuliza kitambaa kiko wapi, hasa wazee wawili wa karakana ya reli ambao nao walikuwa na ugonjwa wa sukari na walikuwa wamekwisha kata tamaa ya kunywa kitu chenye utamu. Mama Prezida aliwakaribisha kama ndugu zake wa damu. Aliwaonya pia kwamba mahindi yenyewe yana utamu wake, wasijidanganye na kitambaa, wanywe kidogo, na alisimama juu yao mpaka wamalize ili wasiongeze.

Ugonjwa wenyewe haukumheshimu. Mguu wa kushoto ulipata kidonda ambacho hakikutaka kupona. Macho yakaanza kuona watu kama wako nyuma ya moshi. Akaacha kuja getini, lakini tuliendelea kumpelekea kesi zetu nyumbani, na hukumu zilitoka kitandani kwa sauti ile ile.

Mara ya mwisho niliyotaka kuieleza ni siku zile askari wa ONU, wale wa Umoja wa Mataifa, walipoingia mjini mwetu na mambo ya kujitenga yakawa yanafika mwisho. Daraja la Lufira lilikuwa limevunjwa, treni hazikuja, farmasi ilikuwa imefunga milango. Watu walikaa ndani wakisikiliza. Mimi nilivumilia mpaka nikashindwa, nikavuka reli kwenda kumwona.

Nilipitia nyuma, jikoni, na nikamkuta binti yake anatengeneza chai. Alikuwa na karatasi ndogo iliyokunjwa, ndani yake sukari nyeupe. Aliniona nikiitazama.

"Mama mudogo," alisema kwa kunong'ona, "usimwambie. Askari mumoja wa ONU alimupa jirani. Tablette ziliisha. Akikosa chai yake ya tamu, hata chakula anakatala. Namwambia iko tablette."

Macho yake yalikuwa yamevimba kwa kukosa usingizi. Alimpenda mama yake, na nilimpenda yeye kwa ajili hiyo. Alichota kidogo sana, akakoroga, akanipa nikipeleke kikombe mimi, naye akanifuata hadi mlangoni.

Mama Prezida alikuwa ameegemezwa ukutani, mguu juu ya mto, amekonda hata kitambaa cha kichwa kilikuwa kikubwa kwake. Alinitambua kwa hatua zangu. Akatania kwamba bado natembea kama mtu anayefukuzwa na deni. Akanyoosha mikono, nikampa kikombe, akakiinua.

Nilijua sukari ile kidogo pengine haitabadili kitu kwa mtu aliyefika pale alipofika. Nilijua pia ilikuwa furaha yake ya mwisho iliyobaki. Nilitaka kunyamaza, Mungu anajua nilitaka.

"Mama, ngoja," nilisema. "Iko sukari. Si kidonge."

Mlangoni binti yake aliangua kilio. Mama Prezida alibaki na kikombe karibu na midomo.

"Sukari ya kweli?"

"Ya kweli. Vidonge viliisha."

"Toka siku gani?"

"Toka juzi, mama," alijibu binti yake katikati ya machozi. "Unisamehe."

Nilingoja amwage. Nilingoja kelele za ng'ambo ya reli. Yeye akavuta harufu ya chai ile kwa muda mrefu.

"Sasa njo nimeambiwa," alisema.

Akanywa. Hakunywa kwa haraka wala kwa huzuni, alikunywa akitingisha kichwa, akitoa sauti ndogo za kuridhika kama mtu anayekutana na ndugu aliyepotea, mpaka kikombe kikawa kitupu. Kisha akampigia binti yake kiganja kitandani ili aje aketi, akamfuta machozi kwa ncha ya kikwembe.

"Leo nimechagua minye mwenyewe," alimwambia. "Kesho uniletee bila kintu. Nitakunywa. Lakini usinipe kimya, useme: Mama, iko bila kintu."

Kesho yake asubuhi nilipita tena njia ile nikienda kutafuta unga. Dirisha lake lilikuwa wazi, na kabla sijafika nilimsikia binti yake, kwa sauti kubwa iliyofika mpaka barabarani walipokuwa askari, akisema, "Mama, chai ya leo iko bila kintu!"

"Asante, mwanangu," sauti ikajibu. "Lete."